Kubadilisha tairodi endi za gari la zamani ukiwa nyumbani

Tairi za mbele zikianza kulika upande mmoja, wengi hukimbilia kununua tairi. Tairi mpya ikiwekwa juu ya tairodi iliyochoka (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) italika vilevile. Kazi ya kubadilisha tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho wa fimbo hiyo, si ngumu. Kinachosumbua ni kutu, na kinachoharibu kazi ni kutopima kabla ya kufungua.

Hakikisha kwanza ugonjwa uko wapi

Gari likiwa chini kwa matairi yake, mwombe mtu akae kwenye usukani auchezeshe kidogo kushoto na kulia bila kukata kona. Wewe weka kidole kwenye kiungo cha tairodi endi, pale inapoingia kwenye mkono wa chuma unaotoka kwenye habu, sehemu inayobeba gurudumu. Kama shina, yaani pini ya kiungo hicho, linasogea kwanza ndipo mkono ufuate, kiungo hicho kimekwisha. Kisha binya buti ya raba iliyo kwenye raki ya usukani, fimbo yenye meno inayosukuma tairodi. Ukihisi mgongano ndani yake, ni raki endi, yaani tairodi ya ndani.

Unaweza pia kuinua gurudumu na kulitikisa ukilishika kushoto na kulia. Likicheza hivyo, lishike juu na chini ulitikise tena. Likicheza pande zote hizo, usilaumu tairodi kabla hujachunguza beringi ya gurudumu na boli jointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoshika habu.

Kuinua gari

Weka gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, weka kabari nyuma ya matairi ya nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Inua, weka stendi chini ya sehemu imara, shusha uzito wote juu ya stendi, kisha toa gurudumu. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika mbili, na hapa utakuwa unapiga nyundo. Ukiweza, inua magurudumu yote mawili ya mbele, maana usukani utazunguka kwa urahisi. Ufunguo uwe umetoa loki ya usukani.

Kusafisha na kupima

Piga thredi (meno ya skrubu) zote zinazoonekana kwa brashi ya waya, kisha mwagia mafuta ya kulegeza kutu. Kama unaweza kufanya hivyo jioni ya siku iliyotangulia, fanya.

Sasa kipimo. Mafundi wengi huhesabu mizunguko wakati wa kufungua tairodi endi, kisha hurudisha mizunguko ileile kwenye mpya. Mimi siiamini njia hiyo ikitumika peke yake, kwa sababu tairodi endi mpya inaweza kuwa fupi au ndefu kidogo kuliko ile ya zamani. Pima kutoka katikati ya shina la kiungo hadi alama isiyosogea kwenye fimbo ya tairodi. Pigia rangi au kwaruza. Andika namba hiyo, kila upande na yake. Mizunguko ihesabu pia, iwe ushahidi wa pili.

Kufungua

Anza na loki nati, ile inayobana tairodi endi kwenye fimbo, wakati kiungo bado kimefungwa kwenye habu. Kiungo kikiwa kimeshikwa, nguvu yote inakwenda kwenye nati. Ukikitoa kwanza, utapigana na kitu kinachoning'inia. Shika fimbo kwa spana ya pili ili usiisokote buti. Legeza robo mzunguko tu. Kwenye magari ya zamani yenye bomba la kurekebishia kati ya tairodi mbili, ncha moja huwa na thredi za kushoto, kwa hiyo angalia mwelekeo wa thredi kabla ya kutia nguvu.

Ng'oa spliti pini, pini inayozuia nati isilegee, kwa koleo. Fungua nati ya shina, lakini iache imeshikilia thredi chache ili kiungo kisikurukie. Shina limechongoka na limejikaza ndani ya tundu lake. Tumia pula ya boli jointi, kifaa cha kulitoa, kama unayo. Kama huna, piga ubavu wa mkono wa habu kwa nyundo nzito, pale penye tundu, huku nyundo nyingine ukiiegemeza upande wa pili. Mapigo machache makali hushinda mengi ya kubembeleza. Usiipige ncha ya shina. Utaharibu thredi, na nati haitatoka tena.

Shina likiachia, maliza nati, zungusha tairodi endi huku ukihesabu, itoe.

Kama tatizo ni raki endi

Fungua klempu za buti na uivute nyuma. Angalia kama kuna washa iliyokunjwa kuzuia nati, inyooshe kwanza. Shika raki yenyewe kwa spana ukipata mahali bapa, ili meno yake na pinioni, gia ndogo inayoisogeza, visibebe nguvu ya kufungua. Buti ikiwa imepasuka, badilisha sasa, maana maji na mchanga vikiingia vitamaliza hata raki endi mpya.

Kufunga mpya

Paka grisi kidogo kwenye thredi za fimbo. Shina na tundu lake vifute viwe vikavu kabisa. Grisi haina kazi pale. Zungusha tairodi endi hadi namba uliyoandika irudi, ingiza shina, funga nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kulingana na kitabu cha gari lako. Tundu la spliti pini lisipolingana na mdomo wa nati, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane. Usirudishe nyuma hata nywele. Pini iwe mpya, ikunje ncha zote mbili. Kama nati yako ni ya plastiki ndani, isiyotumia pini, tumia mpya.

Shina likizunguka pamoja na nati, sukuma kiungo kutoka chini kwa jeki ndogo, kwa upole, likaze tunduni. Kaza loki nati mwisho, kiungo kikiwa kimekaa sawa, hakijalala upande. Kiungo chenye nipo (chuchu ya kutilia grisi), pampu grisi mpaka buti ivimbe kidogo, uache.

Kabla ya kuingia barabarani

Rudisha gurudumu, shusha gari, kaza nati kwa kuvuka pande. Zungusha usukani hadi mwisho kila upande uone kama kuna kitu kinagusa au bomba la breki linavutwa. Kipimo chako kimekurudisha karibu na sahihi, si kwenye sahihi: tofauti ya milimita chache inatosha kuanza kula tairi. Endesha polepole moja kwa moja hadi kwenye alaimenti, yaani kulinganisha magurudumu, na umwambie fundi auache usukani katikati kabla hajagusa tairodi. Akimaliza, kagua kwa macho yako kwamba loki nati zote mbili zimekazwa tena.