Jina ya ku paviyo isikudanganye: namna ya kujua nani alitengenezaka saksofoni yako ya zamani

Juzi papa moja wa fanfare, mutu wa Katuba ya Lubumbashi, aliniletea saksofoni alto ya zamani anataka kuuzisha. Ku paviyo (ule mudomo mukubwa sauti inatokeaka) inaandikwa jina ya duka moja ya Marekani. Kuko mutu mu Kamalondo alishamuambia papa "hii ni Conn ya mbele ya vita ya kwanza", juu numero iliangukia mule mu liste ya Conn, kiwanda ya saksofoni ya Marekani, na papa tayari alikuwa anahesabu dola mu kichwa. Sikumucheka. Mi pia nilidanganyikaka vile vile, na nilipoteza siku mbili nzima na mukiliya moja muzuri sana. Basi naandika namna nafanyaka, musinipigie tena usiku na mapicha ya giza.

Hatua ya 1: soma jina, lakini usiiamini

Mu miaka ya 1920 kila mutu Marekani alitaka saksofoni. Maduka mengi haikuwa na viwanda vya saksofoni, kwa hiyo waliagiza saksofoni kwa watengenezaji na kuchoresha jina yao juu. Banaitaka stensili. Sears walikuwa na Silvertone, kulikuwa Lyon & Healy ya Chicago, Wurlitzer, na wengine wengi. Duka ikibadilisha kiwanda, jina inabaki ile ile, njo maana jina peke yake haifungi kesi.

Lakini kuko majina zenye zinaonyesha kiwanda, nyingi walizipanga kwa bei ya chini, na hizo zinasaidia: Pan American na Cavalier ni Conn. Indiana ni Martin. Cleveland na American Standard ni H.N. White, wale wa King. H. Couf ni Keilwerth ya Ujerumani, Noblet ni ya Leblanc lakini mwili ulitokaka kwa Beaugnier, Ufaransa. Weltklang ni ya Markneukirchen, Ujerumani Mashariki. Vito angalia muzuri, kuko ya Ufaransa na kuko ile Yamaha walitengeneza Japani.

Na ukiona "Elkhart, Ind." usirukeruke. Elkhart ni muji. Conn, Buescher na Martin wote walikuwa pale, sawa vile mafundi wa viatu wanajipanga barabara moja.

Hatua ya 2: panguza

Kitambaa na maji kidogo. Basi. Mutu akikuambia uipakae dawa ya kung'arisha mpaka iwake sawa sahani ya harusi, mukatalie. Unafuta maandishi na numero, kiisha unakuja kuniuliza ni ya nani.

Hatua ya 3: mashimo (hapa njo kazi yenyewe)

Toa kle (vile vifuniko vya mashimo) mbili tatu kubwa za chini, hata moja inatosha kama unaogopa, na angalia mudomo ya shimo, pale tampo (ile ngozi ya kuziba shimo) inakaa. Kuko njia tatu.

Ya kwanza, shimo ilivutwa kutoka mu mwili wenyewe, mudomo inakatwa sawa. Hiyo ni Buescher, ni stensili nyingi za Conn, ni watu wengi, usikimbilie kusema.

Ya pili, mudomo imekunjwa kwa inje, ukipitisha kidole inateleza. Conn walifanyaka vile kwa saksofoni zao wenyewe, lakini stensili zao mara nyingi hazina. Na angalisho: Keilwerth pia walikuwa na mudomo ya kukunja, kwa hiyo mbele ya kusema "Conn" tafuta kama haiandikwe Germany ao Czechoslovakia. Na hizi usizipige tupa hata siku moja, ukitoboa ule mukunjo umemaliza.

Ya tatu njo ilinipotezeaka siku mbili. Shimo ni kipande ya mbali, wamekisudea juu ya mwili, na mudomo yake imechongwa mulalo, chini munene, juu mwembamba. Hiyo ni Martin, hata jina ikuwe ya nani. Shida ni kwamba uchafu wa miaka mia, verni na mafuta vinafunika ule mustari wa sudure, na mi niliangalia kwa inje, mu kivuli, nikasema "imevutwa". Tangu siku ile naangalia kwa ndani: toa bokali (ile shingo ya juu), ingiza tochi ya telefone ku paviyo, wewe angalia kwa juu. Shimo ya kuvutwa, ukuta unapanda pole pole sawa shingo ya chupa. Shimo ya kusudewa, chuma imekatwa kali, kona iko wazi. Tochi ya bei rahisi inafanya kazi kuliko lupa yangu ya Ubelgiji, sijui nililipiaka nini.

Lakini usiishie pale. Saksofoni za zamani kabisa, mbele wajifunze kuvuta, viwanda vingi vilikuwa vinasudea. Kwa hiyo sudure peke yake haitoshi, unahitaji sudure pamoja na ule mudomo wa mulalo.

Na kama ni Martin, jua sudure inalikaka na miaka, hewa inapita mu mustari na wewe unabadilisha matampo bule. Funga kle zote, ziba paviyo, paka povu ya sabuni ku mustari, puliza. Ikitoa mabulu umepata. Usipeleke kwa fundi wa madirisha na shalimo yake, tafadhali.

Hatua ya 4: herufi ndogo

L, LP ao Low Pitch: muzuri, inacheza na wengine. H ao High Pitch: achana nayo. Nota la yake iko juu ya 450 Hz, na kuvuta beki (pale unapulizia) haiponeshe, juu mashimo yenyewe yanakaa karibu karibu. Ile "Dec. 8, 1914" na 1119954 si tarehe ya kuzaliwa, ni breve (haki ya uvumbuzi) ya kuvuta mashimo.

Hatua ya 5: linganisha

Linganisha na saksofoni yenye unajua kiwanda yake: umbo ya kle za kidole kidogo cha kushoto, na vilindo (vyuma vya kukinga) vya kle za paviyo. Kle ya sol dièse yenye mikwaruzo sawa tupa ya kucha inaelekea Conn.

Hatua ya 6: numero

Ya mwisho, nasema ya mwisho! Stensili nyingi zilikuwa na hesabu yao mbali, ukiiweka mu liste ya kiwanda utapata mwaka wa bongo. Njo ile ilimudanganya mutu wa Kamalondo.

Alto ya papa: sudure, mulalo, Low Pitch, povu ilitoka ku shimo ya do ya chini. Nikamuandikia ku karatasi "Martin, Elkhart, miaka ya 1920, inapitisha hewa fasi moja", akaisoma mara mbili, akauliza: "Sasa bei?" Nikamuambia tutengeneze shimo kwanza.