SOMO: Diana 27 ya zamani, kupima nguvu yake na kuirudisha katika hali yake

Wakuu, habari za leo. Wengi mmeuliza kuhusu bunduki za upepo za springi, zile unazokunja mtutu kuzikoki. Nitatumia Diana modeli 27, maana ndiyo ninayoifungua mara nyingi huku Ujerumani. Ilitengenezwa Rastatt na Mayer & Grammelspacher. Ukikuta imeandikwa "Original" badala ya Diana, usidhani ni feki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mitambo na jina la Diana vilikwenda kwa kampuni ya Milbro ya Scotland, kwa hiyo Wajerumani wakiuza Uingereza iliwabidi watumie jina jingine, hadi lao lilipowarudia miaka ya 1980.

Msimamo wangu niuseme mapema: 27 haikuundwa kuwa na nguvu nyingi. Tunachotafuta ni ipige sawasawa kila mara, bila kelele ya springi na bila kukurusha bega.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua

Tafuta kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi), hata ya kuazima. Piga risasi kumi za aina moja, andika kasi zote, kisha tafuta wastani. Nishati ni nusu ya uzito (kwa kilo) mara kasi mara kasi. Mfano: risasi ya milimita 4.5 yenye gramu 0.53 ikienda mita 165 kwa sekunde inatoa takriban jouli 7.2. Kwa 27 hiyo ni afya njema.

Wastani usikushughulishe peke yake. Tazama tofauti kati ya risasi ya haraka kuliko zote na ya polepole kuliko zote. Ikizidi mita kumi kwa sekunde, kuna upepo unavuja au mafuta yanawaka ndani.

Hatua ya 2: Kagua uvujaji

Weka kipande cha tishu juu ya maungio ya mtutu na silinda, pakia risasi, elekeza penye usalama, fyatua. Tishu ikiruka, wosha ya ngozi pale kwenye maungio imechoka. Kuibadilisha ndiyo dawa ya nusu ya bunduki "zilizokufa" ninazoletewa, na ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 3: Kufungua

Hapa tulieni. Hakikisha haina risasi wala haijakokiwa. Springi iko chini ya mkandamizo hata hapo, na pini zikitoka bila kuizuia, kizuizi cha nyuma (kile chenye triga) kitakufuata usoni. Tumia kibano cha springi. Clampu ndefu ya seremala inatosha ikifungwa imara. Toa bunduki kwenye kitako chake cha mbao, kandamiza kizuizi cha triga, gonga pini mbili zitoke, kisha legeza clampu polepole.

Triga ya 27 nyingi ina vigololi vitatu vya chuma vinavyoishika pistoni. Fungulia juu ya sinia, la sivyo utavitafuta chini ya kabati hadi usiku. Wakati wa kurudisha, vibandike kwa grisi nzito visidondoke.

Hatua ya 4: Ngozi na springi

Wosha ya pistoni ni ya ngozi. Ikiwa imekauka lakini haijachanika, iloweke usiku kucha kwenye mafuta ya kulainishia vitu vya ngozi, kisha ifute. Usitie mafuta ya injini kamwe: pistoni ikibana hewa, joto linayawasha kama ndani ya silinda ya dizeli. Utaona moshi, utasikia mlipuko, na utadhani bunduki imepata nguvu kumbe inajila.

Springi iviringishe juu ya kioo. Ikiyumba imepinda, badilisha kwa ya vipimo vilevile. Ncha zake zing'arishe, paka grisi ya molibdenamu kidogo, kama filamu tu. Grisi nzito huua mtetemo lakini inakula kasi.

Rudisha, pima tena, linganisha na karatasi yako ya mwanzo. Risasi za kwanza zitayumba mpaka mafuta yatulie.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, nikiweka springi ya HW80 (bunduki ya upepo yenye nguvu zaidi) si itapiga kama bunduki kubwa?

Hapana kaka. Nguvu inaanzia kwenye ujazo wa silinda na urefu wa mwendo wa pistoni. Springi haiongezi hewa. Ikiwa nene mno, koili zitagusana kabla triga haijashika, au pistoni itadunda mwishoni na kuchakaza ngozi. Utakoki kwa shida na upate kasi ileile.

Nipo Birmingham. Kikomo cha sheria ni kipi?

Uingereza, bunduki ndefu ya upepo ikizidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.3, inahitaji cheti cha silaha. Kwa 27 huna wasiwasi. Ukihamia Scotland ni habari nyingine: tangu 31 Desemba 2016 hata iliyo chini ya hapo inahitaji cheti. Huku Ujerumani zinazouzwa huru mwisho wake ni jouli 7.5, zikiwa na alama ya F ndani ya pembe tano. Zilizokuwa sokoni kabla ya 1970 zina msamaha wake.

Shikamoo mwalimu. Marehemu babu kaacha moja Tanga, imepata kutu. Nianzie wapi?

Marahaba mjukuu. Anzia polisi, uulize habari za umiliki, kabla hujagusa bisibisi. Ukiruhusiwa, nitumie picha ya nyuma ya silinda. Huwa pamegongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, tujue vipuri vya toleo gani. Na usiifyatue bila risasi kujaribu kama inafanya kazi: pistoni haitakuwa na hewa ya kuipunguza kasi, itagonga mwisho wa silinda kwa kishindo.