Fanicha za serikali: fundi mdogo, pambana hivi na karakana ya magereza

Wewe fundi wa mbao hapa Kenya, magereza nao huiuzia serikali fanicha, lakini usijaribu kushindana nao kwa bei ya chini. Wanaopiga randa kule ni wafungwa, hawalipwi mshahara kama fundi wako, na hata namba pleti za magari zinatengenezwa gereza la Kamiti. Ukishusha bei ili uwafikie utakula mtaji wako.

Nenda pale sheria imekulinda. Sheria ya ununuzi ya 2015 inatengea vijana, wanawake na walemavu asilimia 30 ya tenda za serikali, huo mpango ndio AGPO, cheti chake ni bure, usimpe mtu hata shilingi. Kampuni iwe ya watu wa kundi lenu angalau asilimia 70, na cheti cha kodi cha KRA kiwe hakijaisha.

Sasa fomu ya tenda, hapa ndo watu huanguka. Soma vipimo pole pole, kama wamesema dawati la saipresi, mbao iliyokauka, futi fulani, wewe andika hivyo hivyo, alafu piga hesabu mara tatu juu tenda zikishafunguliwa bei hairekebishwi tena, hata kama umekosea sifuri moja. Jamaa yangu aliandika bei ya dawati moja mahali pa jumla, akatolewa, na kazi yake ilikuwa safi kabisa, iliniuma sana.

Ukipata LPO, ile hati ya kuagiza mali, usikimbilie mbao ya deni. Malipo huchelewa, wakati mwingine miezi, kwa hivyo weka gharama ya kungoja ndani ya bei tangu mwanzo, na delivari noti ipigwe muhuri siku hiyo hiyo.