SOMO: Kupima nyasi bahari kwa utafiti wa mwaka wa tatu (soma hatua ya 4 kabla ya kuniuliza)

Kila msimu wa utafiti ukikaribia naulizwa yaleyale, na wanaouliza si wavivu. Ni watu wa divisheni wani, A ya baiolojia, GPA inayong'aa. Kukariri wanaweza. Kinachowaangusha ni maji. Naandika mara moja, kuanzia leo nitakuwa natuma kiungo tu.

1. Swali. Liwe moja, lenye jibu linalopimika. "Hali ya nyasi bahari Unguja" si swali.

2. Barua. Utambulisho wa chuo, halafu uonane na sheha na kamati ya wavuvi. Ukiwa bara, ofisi ya kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe). Ndani ya hifadhi kuna kibali cha ziada, kiombe mapema.

3. Vifaa. Futi kamba tatu za mita 50, vigingi, rula, penseli (si kalamu ya wino), kibao cha plastiki cha kuandikia, kipimachumvi, viatu vya soli ngumu. Fremu (mraba wa kulaza juu ya nyasi ili upime kilichomo ndani yake) jitengenezee kwa bomba la PVC la nusu inchi na elbo nne, na uitoboe matundu ili izame. Sentimita 50 ni kipimo cha ndani. Wengi hukata bomba la sm 50 na kusahau kuwa elbo zinaongeza. Ndani ikitoka sm 52, asilimia ya kufunika (sehemu ya fremu iliyofunikwa na nyasi) haitaharibika sana, lakini idadi ya machipukizi kwa mita ya mraba itapanda kwa asilimia 8 bila wewe kujua.

4. Siku na saa. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu, kwa hiyo nitaieleza yote.

Nenda bamvua (siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana), usiende maji mafu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama. Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hushuka hadi mita 1 hivi. Kwa hiyo siku ya maji mafu maji "yatakupwa" kama jedwali la maji kujaa na kupwa linavyosema, ila nyasi za chini utaziona ukiwa na miwani ya kuzamia tu. Tafuta siku ambayo kina cha kupwa kwenye jedwali ni mita 0.6 au pungufu.

Bahati nzuri, bamvua la Unguja hukupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Kila siku inayofuata saa inasogea mbele kwa kama dakika 50, basi usipange siku tano mfululizo ukadhani zote zitakuwa sawa. Siku nzuri ni tatu au nne.

Mitego miwili. Kwanza, jedwali likiandika 10:24 maana yake ni saa nne na dakika ishirini na nne asubuhi. Wapo wanaosoma "kumi" wakafika saa kumi jioni, wakakuta maji yamejaa hadi kwenye minazi. Pili, baadhi ya programu za simu huonyesha saa za Greenwich. Ongeza saa tatu. Linganisha na jedwali la bandari kabla ya kuiamini.

Halafu hesabu ya kurudi kwa maji. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote katika mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 4 ni sm 33 saa ya kwanza, sm 67 ya pili, na mita nzima saa ya tatu. Aliyetulia saa ya kwanza kwa sababu "bado yako kwenye vifundo" ndiye anayeogelea na futi kamba mkononi saa ya tatu. Ingia saa mbili kabla ya kupwa, toka saa moja baada ya kupwa, hata kama umebakiza fremu tano. Angalia pia mkondo (mfereji wa chini) ulio nyuma yako: maji hujaa huko kwanza na kukukata na pwani.

5. Mistari. Mitatu, mita 50 kila mmoja, kuelekea baharini, ikiachana mita 25. Fremu kila mita 5 kuanzia sifuri, yaani 11 kwa mstari, jumla 33. Fremu ziwe upande wa kulia wa futi, wewe tembea kushoto. Ukikanyaga kulia unapima nyayo zako.

6. Kusoma fremu. Piga picha kwanza. Asilimia ya kufunika ikadiriwe na mtu yuleyule siku zote. Urefu wa majani: acha yale marefu kabisa (kama asilimia 20), pima matatu kati ya yaliyobaki. Aina ambazo ni rahisi kuzichanganya: *Cymodocea rotundata* ncha yake ni laini ya duara, *C. serrulata* ina meno madogo kama msumeno. *Halodule uninervis* ni nyembamba, ncha ina vichomo vitatu. *Syringodium* jani lake ni mviringo kama tambi. *Thalassodendron* ina kikonyo kigumu kama mti. *Enhalus* ni ndefu kuliko zote, na shinani ina nywele nyeusi ngumu.

7. Data. Ingiza usiku huohuo. Kesho utakuwa umesahau "H" ilikuwa Halodule au Halophila.

---

MASWALI

Mtoto wa Tanga: Mkuu, mimi niko huru Jumamosi tu. Inafaa?
— Uulize mwezi. Hatua ya 4.

Bint Makame: Naomba unitumie jedwali la mwezi huu.
— Mamlaka ya bandari wanatoa. Mtafiti asiyeweza kutafuta jedwali atatafuta nini?

Dk. Mtarajiwa: Nina fremu 33 kando ya shamba la mwani na 33 mahali pasipo na shamba. Kwenye jaribio la takwimu niandike n (idadi ya sampuli) = 33?
— Umeuliza swali ambalo wasimamizi wengi huliona siku ya utetezi. Hapana. Fremu za mstari mmoja ni ndugu: mchanga mmoja, kina kimoja, pengine mzizi mmoja uliotambaa. Chukua wastani wa kila mstari, una n = 3. Na kuna shimo lingine chini yake: shamba ni moja tu. Ukitaka kusema jambo kuhusu *mashamba ya mwani*, una n = 1 kila upande. Bora mashamba matatu na maeneo matatu ya kulinganisha, mstari mmoja mmoja, kuliko shamba moja lenye fremu mia. Kazi ya miguu ni ileile, jibu lina uzito tofauti. Niandikie ukikwama kwenye kuchagua maeneo ya kulinganisha, kina kifanane kwanza.

Pweza Mweusi: Haya mambo ya kamba ni ya kizamani. Siku hizi droni.
— Droni ni nzuri kwa ramani. Haitakutofautishia Halodule na Cymodocea kutoka mita 40 juu, kwa hiyo utashuka na fremu uthibitishe picha. Na nayo inahitaji bamvua. Na kibali chake.

Form Six Leaver: Samahani kutoka nje ya mada. Nimepata wani ya PCB (fizikia, kemia, baiolojia), nyumbani wanataka udaktari, mimi nataka bahari. Nianzie wapi?
— Karibu. Shahada ya kwanza ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa Kenya tazama Pwani (Kilifi) na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, ya tangu 1978, ni hasa kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza, iweke akilini kwa baadaye. Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, si wa kaka yako. Ukichaguliwa vyuo viwili thibitisha kimoja ndani ya muda. Na usiidharau hesabu. Somo hili lina fizikia na takwimu nyingi kuliko pomboo.

Fundi wa Kupwa: Nyongeza: akichomwa na samaki jiwe, mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mnaelekea hospitali. Asijipime joto kwa mguu wenye maumivu, atajiunguza. Apimiwe na mwenzake.
— Kweli kabisa. Ndiyo sababu nyingine ya kutokwenda peke yako. Chupa ya chai ya moto ibaki kwenye boti.

Bint Makame: Nimelipata jedwali. Tarehe 14, kupwa 10:51, mita 0.4. Niingie saa tatu kasoro?
— Saa tatu kasoro dakika tisa. Umeshafika.