SOMO: Kuandika andiko la sera ya tabianchi kwa kutumia kuni za jiko la shule (soma kabla hujauliza "nianzie wapi")

Kila muhula, kazi za miradi zikikaribia, napata swali lilelile: "Mkuu, tumepewa kupendekeza sera ya kukabili ongezeko la joto duniani, tuanzie wapi?" Najibu mara moja, hapa. Mfano ni jiko la shule ya sekondari ya serikali Tanzania, kwa sababu kila mwanafunzi analo karibu na moshi wake anaujua. Mwenye mada ya daladala au taka afuate mwendo huuhuu, abadilishe vipimo tu.

Mahitaji: mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 au zaidi (ile ya wanunuzi wa mazao), kamba, daftari, barua ya ruhusa ya mkuu wa shule, na siku 5 za masomo zinazofuatana.

Hatua ya 1. Chagua kitu kimoja. "Mabadiliko ya tabianchi Tanzania" si mada. "Kuni za majiko ya sekondari katika kata yetu" ni mada.

Hatua ya 2. Andika cheo cha unayemwandikia juu ya ukurasa, kabla ya sentensi ya kwanza. Hakuna ofisi inayoitwa "Serikali". Shule hizi ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo jiko jipya linaingia kwenye bajeti kwa Mkurugenzi na kupita Baraza la Madiwani. Chakula chenyewe mara nyingi kinaendeshwa kwa michango ya wazazi, hapo mwenye neno ni bodi ya shule. Kama nafasi ya cheo huwezi kuijaza, bado hujapata mada.

Hatua ya 3. Soma yaliyokwisha kuamuliwa. Usipendekeze "serikali ipige marufuku kuni mashuleni". Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaambiwa ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ahadi ya nchi ya mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris ni kupunguza gesijoto (gesi zinazoongeza joto duniani) kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote. Marufuku ipo. Cha kutafuta ni kwa nini jiko la shule yenu bado linafuka, na ukiuliza jikoni utakuta jibu ni fedha au fundi.

Hatua ya 4. Pima kuni. Asubuhi tenga rundo, lipime, liandike. Jioni pima kilichobaki. Gawa kwa idadi ya waliokula siku hiyo, usitumie idadi ya walioandikishwa. Mpishi asichote kuni nje ya rundo lenu, mwambieni mapema na kwa heshima, maana jikoni kwake ninyi ni wageni. Andika na menyu: siku ya kande na siku ya wali hazifanani hata kidogo. Wiki ya mitihani au ya mahafali isiingie.

"Fuso moja" si kipimo. "Mzigo" si kipimo. Na kuni mbichi ni maji unayoyapima kama kuni. Kata kipande katikati ya gogo (ncha hukauka mapema, zitakudanganya), kipime, kikaushe kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, kisha kipime tena. Gramu 400 zikibaki 300, unyevu ni asilimia 25. Uandike kwenye andiko.

Hatua ya 5. Geuza kilo kuwa kaboni. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu andiko zima, kwa hiyo tembea polepole.

Tuseme wanafunzi ni 600 na kila sahani inateketeza kuni kilo 0.4. Hiyo ni namba ya mfano, yako iko kwenye mizani. Kwa siku 194 za masomo unapata kilo 46,560. Kwa viwango vya mwaka 2006 vya IPCC (jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi), kilo moja ya kuni ina joto la megajuli 15.6, na kila megajuli hutoa gramu 112 za kaboni dayoksaidi. Yaani kilo 1.75 za kaboni dayoksaidi kwa kila kilo ya kuni. Jumla ni tani 81. Tuseme unapendekeza gesi ya mitungi badala ya kuni. Wengi hufunga daftari hapo na kuandika "gesi itaokoa tani 81 kwa mwaka". Si kweli, kwa sababu mbili.

Kwanza, mti uliokatwa ukachipua huirudisha kaboni ile. Kinachohesabiwa ni sehemu ya kuni ambayo msitu haukuirudisha. Kama huna takwimu za eneo lako, tumia 0.3, kiwango cha tahadhari kilichokuwa kikitumika kwenye miradi ya kaboni ya Umoja wa Mataifa, na useme wazi kwamba umekitumia. Tani 81 zinabaki 24.4.

Pili, gesi nayo inatoa kaboni, na huwezi kuilinganisha na kuni kilo kwa kilo. Linganisha joto linalofika kwenye sufuria. Mafiga ya wazi yakifikisha asilimia 15 ya joto lake, kuni zile zimeipa sufuria kama megajuli 109,000. Jiko la gesi likifikisha asilimia 55, na kilo moja ya gesi ikiwa na megajuli 47.3, unahitaji kilo 4,190 hivi kwa mwaka: mitungi 110 ya kilo 38. Kilo moja ya gesi hutoa karibu kilo 3 za kaboni dayoksaidi, jumla tani 12.5. Toa 12.5 kwenye 24.4. Umeokoa tani 12. Hizo 81 zilikuwa ndoto.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaligusi. Jiko banifu (la matofali, hubana joto lisipotee) linalopunguza kuni kwa nusu linaokoa tani 12.2. Kwa kaboni dayoksaidi peke yake, jiko la matofali na gesi vinatoka sare! Ndiyo maana andiko linalosema "gesi kwa sababu ya tabianchi" na kuishia hapo linaanguka kwa swali moja la diwani aliyejiandaa. Moshi kifuani mwa mpishi, muda, bei na upatikanaji, yote lazima yaingie kwenye mizani.

Maonyo: usibadilishe dhana katikati ya hesabu. Ukitumia 0.3 kwa kuni unapozilinganisha na gesi, tumia 0.3 hiyohiyo unapozilinganisha na jiko banifu. Usichanganye kuni na mkaa kwenye safu moja, kwa sababu kwenye tanuri la udongo kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Na usiandike "tani 11.8734". Mizani yako haikuona desimali hizo.

Hatua ya 6. Linganisha njia tatu angalau, mojawapo ikiwa "kuacha kama ilivyo".

Hatua ya 7. Gharama. Hapa kuna mtego: shule nyingi huletewa kuni na wanafunzi au wazazi, kwa hiyo kitabuni kuni ni sifuri na gesi inaonekana anasa. Zipe bei kuni hizo kwa bei ya gulioni. Kwa gesi, uliza bei ya mtungi wa kilo 38 kwa wauzaji watatu na uandike tarehe. Ongeza mabomba, reguleta, mafunzo ya mpishi, na kibanda cha mitungi nje ya jiko chenye matundu ya hewa chini karibu na sakafu, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini. Tenganisha gharama ya kununua mara moja na ya kila mwezi. Mfadhili hulipa ya kwanza, na ya pili ndiyo inayoua miradi.

Hatua ya 8. Kurasa mbili. Aya ya kwanza iseme unaomba nini, kwa nani, shilingi ngapi, lini. Hesabu ziende kwenye kiambatisho. Historia ya gesijoto tangu mapinduzi ya viwanda ifute.

Hatua ya 9. Peleka kwa wakati. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Ukifika Aprili sufuria imeshaepuliwa. Anza na Kamati ya Maendeleo ya Kata: mwenyekiti ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, barua inapitia kwa katibu. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

MASWALI

Chipukizi_88: Mkuu naomba andiko lililokamilika nibadilishe jina la shule tu.

Mwandishi: Hapana.

Chipukizi_88: Sasa somo la nini kama hutaki kusaidia?

Mwandishi: Umeshapewa hatua 9. Mizani ya jikoni kwenu siwezi kukusomea nikiwa huku.

Bint_Lushoto: Shikamoo mwalimu. Umehesabu kaboni dayoksaidi tu. Kuni zikiungua vibaya si zinatoa na metheni? Na hiyo mti haurudishi.

Mwandishi: Marahaba dada. Hili ndilo swali nililokuwa nasubiri. Uko sahihi, metheni na nitrasi oksaidi hazipunguzwi na ile 0.3, zinahesabiwa zote. Kwa viwango vilevile vya IPCC, terajuli moja (megajuli milioni moja) ya kuni katika jiko la taasisi hutoa kilo 300 za metheni na kilo 4 za nitrasi oksaidi. Kuni zetu ni terajuli 0.726. Metheni inakuja kilo 218, zidisha kwa 28 (kilo yake moja huongeza joto kama kilo 28 za kaboni dayoksaidi), ni tani 6.1 za kaboni dayoksaidi linganifu. Nitrasi oksaidi kilo 2.9, hii zidisha kwa 265 kwa sababu hiyohiyo, ni tani 0.8. Ongeza tani 6.9 kwenye 24.4. Sasa gesi inaokoa tani 18.8 na jiko banifu 15.6, ukichukulia metheni inapungua sawasawa na kuni. Sare imevunjika kidogo. Weka matoleo yote mawili kwenye kiambatisho, msomaji aone nini kimebadilisha jibu.

Bint_Lushoto: Na nikitumia 0.6 badala ya 0.3?

Mwandishi: Fanya hivyohivyo: 0.3, 0.6, 0.9, safu tatu. Utaona namba hiyo ikipanda, gesi inaliacha jiko banifu mbali. Tafsiri yake: penye msitu uliochoka sana hoja ya gesi ina nguvu, penye shamba la miti la shule hoja ya jiko banifu na kupanda miti haidharauliki.

Mchambuzi Huru: Hiyo 0.4 umeitoa wapi? Mnapenda kubuni takwimu.

Mwandishi: "Hiyo ni namba ya mfano, yako iko kwenye mizani." Hatua ya 5. Soma kabla ya kushutumu.

Mwana_Kilifi: Sisi huku Kenya hatuna Baraza la Madiwani. Twende wapi?

Mwandishi: Kwenu njia ni nyepesi kidogo, kaka, kwani kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti. Kwa fedha, angalia Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao hutakiwa kufikishwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Maoni yenu yaingie kabla ya hapo. Taja na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyofanyiwa marekebisho 2023, kwa sababu inazipa kaunti wajibu wa kuingiza tabianchi kwenye mipango yao. Hesabu za jikoni hazibadiliki.

Kijana wa Mabibo: Mimi napendekeza mkaa mbadala, ni rafiki wa mazingira, namba zake zikoje?

Mwandishi: Mkaa mbadala wa nini? Wa pumba na vumbi la mbao ni jambo moja. Uliotengenezwa kwa makaa ya mawe ni jambo jingine: unaokoa miti, ila kaboni yake yote ni ya chini ya ardhi, ile 0.3 haikuhusu, unahesabu asilimia 100. Soma kwenye mfuko kwanza.

Kijana wa Mabibo: Dah, sikujua. Halafu tukipendekeza sheria ndogo ya halmashauri?

Mwandishi: Mnaweza, ila sheria ndogo inahitaji idhini ya Waziri, ni safari ndefu. Kama mnataka jiko lijengwe mwaka ujao, ombeni kifungu kwenye bajeti.

Mama Mpishi: Wanangu, mnapima kuni lakini hamjagusa maharage. Jikoni kinachokula kuni ni maharage makavu. Yalowekeni usiku kucha na mfunike sufuria.

Mwandishi: Shikamoo mama. Kweli kabisa, na hii inaweza kuwa njia ya nne kwenye hatua ya 6, maana gharama yake ni ndoo. Wapime wiki moja yaliyolowekwa na wiki moja makavu, menyu ileile, mpishi yuleyule.

Bint_Lushoto: Shikamoo mama. Magadi je? Kwetu wanaweka ili yaive upesi.

Mama Mpishi: Marahaba. Yanaiva upesi, ndiyo, ila magadi yanaua vitamini B1 na yakizidi ladha inakuwa ya sabuni. Mimi naloweka tu. Maji ya kulowekea mwageni, msipikie. Na huku Tanga kwenye joto msiyaloweke kwa muda unaozidi saa 12, yanachacha.