Umepangiwa Monterey? Anza na sweta

Mdogo wangu aliyeko Dallas alinipigia wiki iliyopita, furaha inamwagika kwenye simu. Jeshi limempa Kiarabu, anapelekwa California, tena karibu na bahari! Nikamwuliza kafunga nini kwenye begi. Kaptura tatu, kandambili na miwani ya jua. Nikacheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu na mimi nilifika hivyo hivyo. Niliyomweleza usiku ule nayaandika hapa, maana yeye si wa mwisho. Vijana wa kwetu wanaoingia jeshi la Marekani ni wengi, na wakishapata uraia wapo wanaochaguliwa kwenda kusomea lugha.

Kwanza hiyo bahari. Shule ya lugha ya jeshi iko Presidio ya Monterey, ambayo ni kambi ya jeshi, mlimani, inatazama ghuba. Uzuri wa mahali hapo sibishani nao. Lakini Juni na Julai ukungu unapanda kutoka majini na kukaa juu yenu kama shuka mbichi, na maji ya bahari ni baridi mwaka mzima. Wanaoteleza kwenye mawimbi huvaa suti za mpira mwili mzima. Aliyezaliwa Mombasa kama mimi aende na akili ya kwenda Limuru mwezi wa Julai. Chukua sweta mbili, soksi nzito na taulo la ziada, kwa sababu ukianika kitu chumbani kitakaa siku mbili kikinuka uvundo. Na usiku wa kwanza ukisikia mbwa wanabweka bila kukoma, si mbwa. Ni simba bahari, wako chini kule gatini.

Mlima nao ni somo peke yake. Bweni liko huku, darasa liko kule, na katikati kuna ngazi zisizokwisha. Toka mapema kwa dakika kumi na tano, na beba fulana ya ndani ya kubadilisha. Ukifika umelowa jasho kisha ukakaa na ubaridi ule, kufika saa nne kichwa kinauma na hujui ni sarufi au ni mafua.

Siku inakwenda hivi. Saa kumi na moja unusu alfajiri mko kwenye mazoezi. Mnaoga, mnakula mesi, na kama saa mbili mko darasani mpaka saa tisa unusu. Baada ya hapo kuna kazi ya nyumbani ya saa mbili tatu, na usisahau kwamba wewe bado ni askari: kuna zamu ya usiku mezani bwenini, kuna usafi, kuna ukaguzi. Kiarabu ni wiki 64, sawa na Kichina, Kikorea na Kijapani. Kirusi na Kiajemi ni wiki 48, Kihispania na Kifaransa 36. Wiki 64 huwezi kuzipiga kwa mbio za mita mia. Mimi nilijiwekea sheria ya kuzima taa saa nne usiku, hata kama maneno hayajaingia. Walionicheka mwezi wa kwanza, mwezi wa nne walikuwa wanasinzia wamesimama nyuma ya darasa, maana huko ukisinzia dawa yake ni kusimama.

Sasa Kiarabu chenyewe, na hapa nisikilize vizuri.

Mimi nimesoma chuoni, yaani madrasa, tangu nina miaka sita. Herufi nazijua, ain na ghain nazitoa kooni bila taabu. Nikaingia darasani kifua mbele. Wiki mbili za kwanza, wenzangu wa Ohio na Nebraska wakikohoa kutafuta kha, mimi kazi yangu ilikuwa kutabasamu. Wiki ya tatu ustadha akatugawia habari za gazeti. Nikatazama: hakuna fatha, hakuna kasra, hakuna dhumma. Herufi tupu, bila alama za irabu! Chuoni nilizoea msahafu wenye irabu zake zote, na nusu ya kusoma kwangu kulikuwa kukumbuka. Mtihani wa kwanza nikawa wa pili kutoka mwisho. Mvulana wa Nebraska, ambaye hakuwahi kuiona alifu maishani mwake, alinipita kwa mbali.

Kwa hiyo kama umepita chuoni, shukuru kwa makhraji, yaani kuitoa kila herufi mahali pake, kisha anza upya kama hujui kitu. Kila siku chukua aya moja isiyo na irabu, ziweke mwenyewe kwa penseli, mpelekee mwalimu asahihishe. Saa ya ziada baada ya masomo si adhabu. Nenda wiki ya kwanza unapokwama, usingoje mpaka uitwe.

Kiswahili nacho kinabeba na kinaangusha. Kinabeba kwa sababu maneno ya kazi yenu wenyewe yametoka huko: askari, jeshi, hatari, siri, habari, dakika. Wenzako watayakariri, wewe utayasalimu tu. Lakini mengine yalipovuka bahari yalibadili tabia. Sana kwa Kiarabu ni mwaka. Rafiki kwao ana maana iliyo karibu zaidi na "komredi", na rafiki wa kawaida ni sadiq, ambaye wewe utamsikia kama "kusadiki". Tajir ni mfanyabiashara, awe na pesa au asiwe nazo. Nilipewa habari ya wafanyabiashara waliopata hasara, nikaandika aya nzima kuhusu matajiri wanaolia umaskini, nikaona hata inachekesha. Ustadha akaniambia kwa upole kwamba nimejibu vizuri sana swali ambalo halikuulizwa.

Tangu siku ile nikawa na daftari lenye safu mbili. Kushoto "wakweli", kulia "waongo". Kila neno linalofanana na la kwetu lilipitia hapo kabla sijaliamini.

Mwongo mkubwa kuliko wote ni saa. Waarabu wanahesabu saa kama Wazungu, sita yao ni sita ya kwenye uso wa saa. Wewe ukisikia as-saa as-sadisa, sikio linapokea "saa sita" na moyo unakwenda moja kwa moja kwenye adhuhuri. Juu ya hapo jeshi linataka saa ishirini na nne. Nilikosa maswali matatu ya kusikiliza kwa sababu hiyo peke yake. Dawa niliyoipata ni kuandika saa kwa tarakimu papo hapo, kabla ubongo haujaigeuza kuwa neno. Namba za kawaida nazo wanazisema kinyume: sisi ni ishirini na tatu, wao ni tatu na ishirini. Mkono unaandika 3, kisha unatafuta pa kupenyeza 2. Tafuta mwenzako, msomeane namba za simu na bei za vitu mnapopiga buti rangi. Dakika kumi kila usiku zinatosha.

Pa kusomea, mimi nilipenda Maktaba ya Aiso. Imepewa jina la John Aiso, mwalimu mkuu wa mwanzo, wakati shule ilipofunguliwa Novemba 1941 San Francisco ndani ya banda la ndege lililoachwa, na wanafunzi 60, karibu wote Wamarekani wa asili ya Kijapani. Utapita pia majengo ya Nakamura, Hachiya na Mizutari. Hao ni askari wa asili hiyo hiyo waliokufa vitani wakiitumia lugha ya wazazi wao. Siku nilizochoka nilikuwa nayasoma majina yale, sijui kwa nini, nikaendelea kupanda ngazi.

Chakula. Mesi inashibisha, lakini mwezi wa pili utaota ugali. Chumbani huruhusiwi kuweka jiko. Mimi nilikuwa nashuka Jumamosi kwa familia moja ya Kikenya iliyoishi nyumba za jeshi kule Ord, upande wa Seaside. Maduka ya Wameksiko yana unga mweupe wa mahindi kwenye pakiti nzuri. Soma maandishi kwanza. Ukiona "masa", rudisha. Ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa, na ugali wake unanata kama gundi na kunuka chapati zao. Niliupika sufuria nzima kwa wageni sita, tukaishia kula sukuma tupu. Sukuma yenyewe utaipata kwa jina la collard, na haina tofauti kubwa na ya nyumbani.

Ramadhani ikikukuta huko, mwambie sajenti wako wiki mbili kabla, si asubuhi ya mfungo wa kwanza. Yangu ilianguka Aprili. Daku nilikula saa kumi usiku, tende tatu, mayai na maji mengi, na futari ikawa karibu saa mbili kasoro jioni. Mchana huo si sawa na wa Mombasa. Mazoezi ya viungo yanaweza kupangwa kulingana na mfungo ukisema mapema. Ukinyamaza hakuna atakayejua.

Nyumbani piga simu kwa hesabu. Kenya iko mbele saa 10 wakati wa kiangazi, saa 11 wakati wa baridi. Jumamosi saa mbili usiku ya kwako ni Jumapili alfajiri ya mama, na mama yangu hupenda kuongea akiwa anachemsha chai. Atakuuliza unasoma nini na utapelekwa wapi. Mwambie unasoma lugha, basi. Hilo pia usiliweke mitandaoni, hata kwa picha ya daftari.

Mtihani wa mwisho una kusikiliza, kusoma na mahojiano ya kuzungumza. Viwango ni kutoka 0 mpaka 5. Kwa miaka mingi walitaka 2, 2 na 1+ kwa mpangilio huo, na sasa wamepandisha lengo, kwa hiyo uliza ukifika. Siku moja kabla nilifunga vitabu saa sita mchana, nikatembea kandokando ya bahari mpaka Pacific Grove nikijisemea Kiarabu kwa sauti, watu wakinipisha njia. Nililala kama mtoto.

Na kaptura, chukua moja. Septemba na Oktoba ukungu huondoka, na kuna siku kadhaa za jua kabisa.