Jinsi ya kushukuru na kuwa na tumaini wakati shida bado haijaisha

Wapendwa, hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye shida yake ni ya leo. Sio ile iliyokwisha ambayo unaitolea ushuhuda umesimama mbele na watu wanapiga makofi, hapana, nasema ile ambayo ukiamka asubuhi kuna sekunde mbili tatu hukumbuki kitu halafu yote inakurudia kifuani kwa mpigo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "shukuru kwa kila jambo" unamuongezea mzigo, anabaki anajiona na imani yake nayo imefeli. Mimi nimekuwa huyo mtu. Nilipoteza kazi, na wiki tatu baadae mama yangu akapata kiharusi, na nilikaa miezi naitikia amina kwa mdomo huku ndani hamna kitu. Nitakachoeleza hapa ni vitu nilivyofanya kweli, nilijifunza kwa shida na kwa kuchelewa.

Kwanza tuweke sawa huo mstari wenyewe maana umeumiza wengi. 1 Wathesalonike 5:18, kwa Kigiriki Paulo ameandika en panti, yani "katika kila jambo", ukiwa humo ndani. Hajasema ushukuru kwa sababu mtoto anaumwa au ndoa imevunjika. Najua kuna Waefeso 5:20 inayosema kushukuru sikuzote kwa mambo yote, lakini isome huku unamuangalia Yesu kwenye kaburi la Lazaro, Yohana 11. Mstari wa 35 analia machozi. Mstari wa 41 anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Angalia vizuri hapo, hashukuru kwamba rafiki yake amekufa, anashukuru kwamba Baba anamsikia, na anashukuru Lazaro akiwa bado yumo kaburini, hajatoka. Machozi na shukrani viko kwenye sura moja, na machozi yametangulia. Mi nikaona kama yeye alianza kwa kulia basi na sisi tunaruhusiwa.

Kwahiyo anza kwa kumlalamikia Mungu. Ndiyo, yeye mwenyewe, sio kumlalamikia kwa watu. Fungua Zaburi 13, ina mistari sita tu, na kwenye miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Chukua karatasi andika Hata lini mara nne ukishuka chini, halafu kila moja uimalizie kwa maneno yako, hata yawe mabaya kiasi gani. Yangu ya kwanza ilikuwa hata lini nitaendelea kumdanganya mama kwamba hela ipo. Kisha isome kwa sauti ukiwa peke yako. Usikimbilie kuongeza "lakini nakuamini Bwana" pale mwishoni kama hujafika huko, Zaburi 88 inaisha gizani na bado imo kwenye Biblia, hakuna aliyeikata. Mungu aliyeruhusu hiyo zaburi ibaki hawezi kushtuka na ya kwako.

Watu wengi hapa ndo wanaruka, wanataka kwenda moja kwa moja kwenye sifa, na nadhani ndo maana shukrani zao zinakuwa kavu. Moyo uliofungwa usilie haufunguki kushukuru.

Baada ya hapo ndo unaenda kwenye shukrani yenyewe na hapa naomba uwe mbahili, kitu kimoja tu kwa siku, kidogo, cha leo, ambacho ungeweza kukionyesha kwa kidole. Ile tuliyozoea ya "asante kwa uzima na afya na pumzi" ni ya kweli kabisa lakini tumeisema mpaka imekuwa kama salamu, ulimi unaisema wenyewe. Nakumbuka usiku mmoja wodini, saa nane hivi, mama amelala ubavu, jasho limelowesha upande mmoja wa mto, mimi nimekaa tu nimechoka hata sioni. Akapita nesi, hakusema chochote, akamuinua mama kichwa kwa mkono mmoja, akageuza mto upande ule mkavu wenye ubaridi, akamlaza, akaenda zake. Mama akashusha pumzi ndefu. Nilikuwa na daftari dogo kwenye begi nikaandika, asante kwa mto uliogeuzwa. Ilikuwa ni shukrani yangu ya kwanza ya ukweli kwa miezi mingi na haikubadilisha ugonjwa hata kidogo, lakini kesho yake nikajikuta natafuta, macho yameanza kuangalia. Hiyo ndo kazi ya hilo zoezi, shida huwa inajaza jicho lote na ule mstari mmoja unakurudishia kipande kidogo cha kuonea.

Andika usiku kabla ya kulala, kwa kalamu ikiwezekana. Na usilinganishe, ile ya "kuna wenye hali mbaya kuliko mimi" iache kabisa, kushukuru kwa sababu mwenzio anateseka zaidi sio shukrani ya kikristo.

Sasa tumaini. Hili ni tofauti kidogo kwa sababu shukrani inaangalia kilichopo, tumaini linaangalia ambacho hujakiona. Nenda Maombolezo sura ya 3. Kitabu hiki kinalilia Yerusalemu iliyoangamizwa na Wababeli mwaka 586 KK, mji umeungua, hekalu limeungua, watu wamechukuliwa mateka. Sura hiyo ina mistari 66, na kwa Kiebrania imepangwa kwa alfabeti, herufi 22 na kila herufi mistari mitatu, yani mtu analia lakini analia kwa mpangilio, anapitia maumivu yote kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Katikati yake, mstari wa 21, anasema "Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini." Ona hilo neno najikumbusha. Tumaini halikumjia lenyewe kama usingizi, alilifanyia kazi. Na baada ya kusema rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi bado sura ya 4 na ya 5 anarudi kulia, kwahiyo ukipata tumaini Jumatatu na Jumatano ukalia tena, hujaanguka.

Kujikumbusha kwa vitendo ni hivi. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akasema "Hata sasa BWANA ametusaidia", 1 Samweli 7:12. Wewe tenga kurasa mbili za mwisho za daftari, andika mara ambazo ulidhani umefika mwisho na haukuwa mwisho. Ule ugonjwa wa utotoni, ile karo iliyopatikana siku ya mwisho, yule mtu aliyekupigia simu bila kujua ulikuwa unawaza nini. Ziandike siku ukiwa vizuri kidogo, hata mbili tatu tu, halafu zisome siku mbaya, maana siku mbaya kumbukumbu inadanganya, inakwambia haijawahi kuwa nzuri.

Na tafadhali tofautisha tumaini na kutabiri matokeo. Nilifundishwa kwamba imani ni kusema "atapona kwa jina la Yesu" bila kuyumba, na kila siku ambayo mkono wa mama haukusogea nilihisi ni mimi nimeyumba. Kilichonifungua ni wale vijana watatu mbele ya tanuru, Danieli 3. Wanamwambia mfalme aliyetaka kuwachoma kwamba Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wanaongeza "Bali kama si hivyo" hatutaabudu sanamu yako. Sasa naomba kwa sentensi mbili, ya kwanza naomba ninachotaka wazi wazi bila kuzunguka, ya pili inaanza na bali kama si hivyo, nayo naimalizia kwa kitu ambacho shida haiwezi kuninyang'anya. Bali kama si hivyo, bado ni Baba yangu na Kristo amefufuka. Mkono wa kulia wa mama haukurudi mpaka leo. Anatumia wa kushoto, na anaimba.

Mwili nao usiusahau jamani. Eliya alipoomba afe, 1 Wafalme 19, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa tena ale, "maana safari hii ni kubwa mno kwako". Mahubiri, kama unaweza kuyaita hivyo, yalikuja baada ya siku arobaini. Kwahiyo kama hujalala usiku wa tatu huu, zoezi lako la kiroho leo ni kulala. Na kama mawazo ya kutaka kufa yanakuja, usiyafiche eti ni aibu kwa mkristo, mwambie mtu leo leo na uende kwa daktari, huzuni nzito ya muda mrefu ni ugonjwa na unatibika, sio ushahidi kwamba humpendi Mungu.

Tafuta pia mtu mmoja, mmoja tu anatosha. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na hapo ndo walikuwa bora, walipofungua midomo wakaharibu mpaka Mungu akawakemea. Mtumie huyo mtu meseji fupi kwamba sihitaji ushauri, naomba tu ukae na mimi na uniombee siku ambazo mimi siwezi. Siku nyingine imani yako itabidi ibebwe na wengine kama yule aliyepooza aliyeshushwa darini na watu wanne, na Marko 2:5 inasema Yesu aliiona imani yao.

Utaruka siku, hiyo ni lazima. Mimi niliwahi kuruka siku tisa mfululizo, hizo siku nilikasirika na sikutaka hata kuliona hilo daftari. Usirudi nyuma kujazia kama mtu anayelipa deni, usijichape. Fungua ukurasa mpya, weka tarehe. Mimi niliandika Bwana nimerudi, na chini yake mstari wa siku hiyo, kwamba mama ameniita jina langu lote bila kukwama.